Kuchunguza Kitabu cha Sala za Vipindi cha Zama za Kati: Mifupa Kwanza, Sura Baadaye

Mtu akifunguliwa kitabu cha sala za vipindi kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia picha. Hana kosa, dhahabu iliwekwa pale ili imwite. Lakini ukitaka kujua kitabu kilitengenezwa wapi, lini na kwa ajili ya nani, picha ni shahidi wa kuitwa mwisho. Mchoraji wa Bruges, mji wa Flandria katika Ubelgiji ya leo, alichora kwa ajili ya mteja wa Uingereza. Michoro ya mfano ilipita kutoka karakana moja hadi nyingine, na mmiliki wa karne mbili baadaye aliweza kuongeza pambo lake. Ngozi, uzi, kalenda na maneno ya sala ni mashahidi wagumu zaidi kuhongwa, kwa hiyo waulize hao kwanza.

Vitabu hivi viliandikwa Ulaya Magharibi takriban kati ya 1250 na 1550 ili walei waweze kusali nyumbani kwa kufuata saa walizosali watawa. Kimoja cha mapema kabisa, kazi ya William de Brailes wa Oxford ya takriban 1240, kimo British Library. Vilivyosalia ni vingi mno, hata makumbusho mengi yenye miswada ya zama za kati yana angalau kimoja. Kama huna ruhusa ya kuingia chumba cha kusomea, fanyia mazoezi picha za kidijitali. Walters Art Museum ya Baltimore imeweka mtandaoni miswada yake mingi, jalada hadi jalada, na sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa inawezekana kwenye skrini. Isiyowezekana ni kuhesabu nyuzi na kuinamisha ukurasa kwenye mwanga.

Kabla ya kugusa

Osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, na usipake losheni. Glavu za pamba hazifai hapa: vidole hupoteza hisia, na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika na kwenye rangi inayobanduka. Vua pete zenye vito, saa na mkufu unaoning'inia. Kalamu ya wino isikaribie meza. Tumia penseli, nayo ichongwe mbali na kitabu.

Kitabu kilazwe juu ya kabari za sponji, kila jalada likiwa na egemeo lake. Vingi vilijaladiwa upya katika karne ya 18 na 19, vikapewa migongo migumu iliyojaa gundi. Ukikilazimisha kitabu cha namna hiyo kifunguke zaidi ya nyuzi 90, ngozi hupinda karibu na mgongo na dhahabu iliyolazwa juu ya plasta hupasuka, kwa sababu plasta haipindiki. Geuza kurasa kwa kushika ukingo wa nje au pembe ya juu. Pembe ya chini iache, maana hapo ngozi imekwisha kulegezwa na vidole vya karne nyingi. Kamba nzito za kuzuia kurasa zilale kwenye pambizo tupu, zisiguse rangi kamwe.

Ngozi hunyonya unyevu na kuutoa. Hutanuka na kunywea, lakini rangi iliyo juu yake haitanuki kwa kadiri ileile, na hapo ndipo nyufa huanzia. Ndiyo sababu makumbusho hushikilia unyevu karibu na asilimia 50 na kupunguza mwanga wa maonyesho hadi takriban luksi 50. Ukiona chembe za rangi zimelala bondeni, kurasa mbili zinapokutana, usizipulize. Acha kitabu kilivyo na umwite mhifadhi.

Mifupa

Anza na vipimo kwa milimita: kimo kwanza, kisha upana, kisha eneo lililoandikwa, kisha idadi ya mistari. Kwa mfano: 185 × 130, eneo 105 × 65, mistari 16. Pima sehemu tatu au nne za kitabu, si moja. Mistari ikiruka kutoka 16 hadi 18 mahali fulani, andika namba ya folio, kwa maana huenda ni mkono wa mwandishi mwingine au sehemu iliyoongezwa. Folio ni jani moja la ngozi lenye kurasa mbili. Upande wa mbele huandikwa r, wa nyuma v, hivyo 13v ni nyuma ya folio ya 13.

Sasa tafuta mikunjo. Mwandishi hakuandika juu ya folio mojamoja. Alichukua vipande vinne vya ngozi, akavipanga na kuvikunja katikati, akapata mkunjo wa folio 8. Mikunjo hiyo ilishonwa mmoja baada ya mwingine. Kalenda ndiyo hutofautiana: mara nyingi ni mkunjo mmoja wa folio 12 au miwili ya 6, kwa kuwa miezi 12 huchukua folio moja kila mmoja. Pekua polepole ukitazama bondeni. Uzi wa kushonea huonekana katikati ya mkunjo tu. Mikunjo miwili inayofuatana ikiwa ya nane na mizima, kutoka uzi hadi uzi utahesabu folio nane, yaani nne za mwisho za mkunjo wa kwanza na nne za mwanzo za unaofuata. Ukipata saba au tisa, simama. Tafuta kishina, ule utepe mwembamba wa ngozi unaobaki folio ikikatwa, au ulioachwa makusudi ili folio ya pekee ipate pa kushonewa.

Kuna njia mbili za kuthibitisha hesabu yako. Ya kwanza ni neno kiungo. Chini ya ukurasa wa mwisho wa mkunjo, mwandishi aliandika neno linaloanza mkunjo unaofuata, ili mshonaji asichanganye. Yasipolingana, mkunjo umepotea au umehama. Yasipokuwepo kabisa usiharakishe kuhukumu, kwani wajalidi walipenda kupunguza kingo na maneno hayo yalikwenda na kisu. Ya pili ni ngozi yenyewe. Upande wa manyoya una umanjano kidogo na vitundu vidogo vya vinyweleo, na upande wa nyama ni mweupe zaidi. Katika mkunjo mzima, kurasa mbili zinazotazamana huwa za upande mmoja, manyoya kwa manyoya na nyama kwa nyama. Wataalamu huiita kanuni ya Gregory, kwa jina la Caspar René Gregory aliyeieleza katika karne ya 19. Manyoya yakitazama nyama, kuna folio iliyotoka au iliyoingizwa. Ngozi za mbuzi za Italia huonyesha tofauti hii waziwazi. Ngozi nyembamba za Ufaransa za karne ya 15 zilikwanguliwa vizuri kiasi kwamba utahitaji mwanga wa pembeni, ulioinama karibu usawa na ukurasa.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Katika vitabu vya Flandria, picha za ukurasa mzima mara nyingi zilichorwa kwenye folio za pekee, mbele tupu, picha nyuma, kisha zikaingizwa katika mikunjo iliyokwisha kuandikwa. Huko mkunjo wa folio tisa ni jambo la kawaida, si dalili ya ukarabati. Ufaransa walizoea kuweka picha kubwa juu ya mistari michache ya maandishi kwenye ukurasa uleule, kwa hiyo picha ni sehemu ya mkunjo. Kumbuka tofauti hii, tutaihitaji tukifika kwenye folio zilizoibwa.

Kalenda

Kila mwezi huanza na herufi KL, kifupi cha Kalendae. Safu ya kwanza ina nambari za dhahabu, 1 hadi 19, za kutafutia mwandamo wa mwezi. Ya pili ina herufi A hadi g za siku za juma, kisha huja hesabu ya Kirumi na mwishoni watakatifu. Waandishi waliziandika siku kuu kwa dhahabu, nyekundu au buluu, na hizo ndizo za kusomwa kwanza. Mtakatifu anayejulikana kila mahali hakusaidii. Unamtaka yule anayeheshimiwa mji mmoja kuliko mingine.

Genovefa wa tarehe 3 Januari na Dionisi wa 9 Oktoba, wote wakiwa kwa dhahabu, huelekeza Paris. Romanus wa 23 Oktoba ni wa Rouen, Donatianus wa 14 Oktoba ni wa Bruges, na Willibrord wa 7 Novemba huelekeza Utrecht. Edward Muungamaji wa 13 Oktoba na Cuthbert wa 20 Machi ni Waingereza. Tahadhari na kalenda za Paris za karne ya 15: nyingi hujaza jina kila siku ya mwaka bila kuacha nafasi, na majina mengi ni ya kujazia tu. Mle usihesabu chochote ambacho hakikupewa rangi ya siku kuu.

Kalenda hutoa tarehe pia. Bernardino wa Siena, 20 Mei, alitangazwa mtakatifu 1450, Vincent Ferrer, 5 Aprili, 1455, na Katarina wa Siena 1461. Jina likiwa kwa mkono uleule na wino uleule wa kalenda nzima, kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Likiwa kwa mkono mwingine au limebanwa kati ya mistari, linakuambia tu kwamba kitabu kilikuwa bado kinatumika. Kutokuwepo kwa jina hakuthibitishi kitu, kwani waandishi walinakili kalenda za zamani bila kuzisahihisha.

Usiache 29 Desemba. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru jina la Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury na mtakatifu wa siku hiyo, lifutwe vitabuni, na neno "papa" lilipata adhabu kama hiyo. Mkwaruzo au mstari juu ya sehemu hizo unaonyesha kitabu kilikuwa mikononi mwa mtu aliyeishi chini ya amri hiyo, popote kilipotengenezwa. Mara nyingine ni mstari mmoja hafifu wa wino unaoruhusu jina kusomeka, na ni haki kumfikiria aliyeuchora: ametii, lakini hakutaka kuharibu.

Prima na Nona

Moyo wa kitabu ni Sala za Vipindi za Bikira Maria: Matutini, Laudi, Prima, Tersia, Seksta, Nona, Vespera na Kompletori. Zaburi zake hufanana karibu kila mahali, lakini antifona, yaani mistari mifupi inayoambatana na zaburi, na masomo mafupi hutofautiana kwa desturi ya jimbo. Falconer Madan, mkutubi wa Oxford, alionyesha kwamba inatosha kusoma antifona na somo fupi la Prima na la Nona.

Matutini huanza "Domine labia mea aperies" na Kompletori "Converte nos". Vipindi vilivyo kati huanza "Deus in adiutorium meum intende", na neno Deus mara nyingi limefupishwa "Ds" lenye mstari juu. Hapa picha husaidia, kwa sababu mpangilio wake uliganda mapema. Maria hupashwa habari kwenye Matutini, humtembelea Elizabeti kwenye Laudi, Yesu huzaliwa kwenye Prima. Wachungaji huwa Tersia, mamajusi Seksta, kutolewa hekaluni Nona, kukimbilia Misri Vespera, na kutawazwa kwa Maria Kompletori. Ukishapata Prima, pita utenzi na zaburi. Baada ya zaburi ya mwisho antifona huandikwa kamili, na mara baada yake huja somo fupi lenye "cap.", kifupi cha capitulum, kwa wino mwekundu. Andika maneno matatu au manne ya kila moja, kisha linganisha:

Paris: Prima "Benedicta tu", somo "Felix namque", Nona "Sicut lilium", somo "Per te dei".
Roma: Prima "Assumpta est Maria", somo "Que est ista", Nona "Pulchra es", somo "In plateis".
Sarum, yaani desturi ya Salisbury iliyotawala Uingereza: Prima "O admirabile commercium", somo "In omnibus requiem", Nona "Germinavit radix Iesse", somo "Et radicavi".

Usishangae kuona "que" badala ya "quae", wala "michi" badala ya "mihi". Ndivyo walivyoandika. Makosa hutokea zaidi pale Sala za Msalaba zilipochanganywa ndani ya zile za Maria, kipindi kwa kipindi. Ukikutana na utenzi wa "Patris sapientia" umetoka nje ya njia, rudi nyuma. Na kichwa chekundu kikitaja desturi fulani, kisome lakini usikitegemee peke yake.

Jambo la kushika kuliko yote katika sehemu hii: desturi husema kitabu kingesaliwa wapi, si kilitengenezwa wapi. Bruges ilitengeneza vitabu vingi vya Sarum kwa ajili ya kuuzwa Uingereza. Ukipata desturi ya Sarum, watakatifu wa Kiingereza, na picha kwenye folio za pekee zenye mbele tupu, mifupa inasema Flandria na sala zinasema Uingereza. Zote mbili ni kweli.

Mmiliki naye hujificha kwenye sarufi. Katika sala ya "Obsecro te" mwombaji hujiita mtumishi: "famulo tuo" kwa mwanamume, "famule tue" kwa mwanamke. Umbo la kike ni ushahidi mzuri wa mteja mwanamke. La kiume lina uzito mdogo, kwa kuwa ndilo lililonakiliwa kwa mazoea.

Dhahabu na rangi

Omba lenzi ya kukuza mara 10 na taa baridi ya mkononi. Mwako wa kamera haufai. Inamisha taa, si kitabu. Dhahabu ya jani ililazwa juu ya tabaka la plasta laini, risasi nyeupe, gundi na sukari au asali, kisha ikasuguliwa kwa jiwe gumu au jino la mnyama hadi ikawa kioo. Huinuka juu ya ukurasa na humeta taa inapopita. Dhahabu ya unga ilichanganywa na gundi ya mti, ikawekwa kwenye kombe na kupakwa kwa brashi kama rangi nyingine. Haina mwinuko, ina chembechembe, na mipigo ya brashi huonekana. Ya kwanza ilitangulia rangi zote, maana usuguaji ungeziharibu na jani lingenata juu yake. Ukiona jani la dhahabu limelala juu ya rangi ya zamani, uliza ni lini liliwekwa.

Plasta yenye gundi kidogo hugeuka unga na dhahabu hudondoka. Ukubwa wa eneo lililodondoka si kipimo cha umri, ni kipimo cha mapishi.

Kutaja buluu kwa macho ni kubahatisha. Jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistani, na azuriti yenye shaba hukaribiana, hata kama azuriti mara nyingi huelekea ukijani. Kamera ya infraredi huzitenganisha: lazuli hufifia, azuriti hubaki nyeusi. Bila kifaa, andika "buluu" na uishie hapo. Kijani cha shaba hutoboa ngozi, kwa hiyo tazama nyuma ya folio kama kuna kivuli cha kahawia. Risasi nyeupe hugeuka kijivu au nyeusi kwa gesi zenye salfa, ndiyo maana baadhi ya nyuso za watakatifu zimeingia giza bila mtu kuzigusa.

Zilizotoka, na zilizoingia

Wezi na wauzaji walikata picha, na picha zilikaa mwanzo wa vipindi. Kwa hiyo kagua kila mwanzo. Katika kitabu cha Kifaransa, kukata picha huondoa na maandishi. Laudi ikianza katikati ya zaburi ya "Dominus regnavit" bila "Deus in adiutorium", folio imekwenda. Katika kitabu cha Kiflandria jaribio hilo hushindwa, kwa sababu folio ya picha haikuwa na maandishi ya sala, nayo matini huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko tafuta kishina, na tafuta kivuli: picha iliyotazamana na ukurasa kwa karne tano huacha alama hafifu ya rangi au ya fremu. Fremu hafifu mkabala na ukurasa usio na picha ni picha iliyopotea. Alama za mviringo zenye vitundu vya sindano ni jambo jingine, hapo zilishonwa beji za hija.

Jihadhari na picha nzuri mno. Mghushi ajulikanaye kama Spanish Forger, jina alilopewa na Belle da Costa Greene wa Morgan Library, alichora kwenye ngozi halisi za zamani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Ngozi ikiwa ya kweli haimaanishi picha ni ya kweli. Dhahabu inayopita juu ya nyufa za zamani, mabaki ya noti za muziki chini ya rangi ya anga, au sala ya nyuma isiyohusiana na picha ya mbele, vyote vinatosha kuomba kipimo. Kijani cha shaba na arseniki kilichovumbuliwa 1775 kikipatikana, mjadala umekwisha.

Mwisho omba taa ya urujuanimno kwa folio za mwanzo na za mwisho. Ngozi hung'aa kwa weupe wa buluu, na wino wa chuma uliokwanguliwa hujitokeza mweusi. Majina ya wamiliki yaliyofutwa hupatikana hivyo mara nyingi.

Unapoandika maelezo yako, usichanganye mistari miwili hii. Kwa mfano: "Kimetengenezwa: Flandria, labda Bruges, baada ya 1450 (Bernardino, mkono wa kwanza, 5v, picha kwenye folio za pekee, 14v, 27v, 39v). Kwa matumizi ya: Uingereza, desturi ya Sarum (Prima 40v, Nona 52r, Becket amefutwa, 12v)." Kila dai lifuatwe na namba ya folio, ili atakayekaa kwenye meza hiyo baada yako aweze kufungua palepale na kukupinga.